Mpaka Odessa Aimbe

Odessa Crenshaw alikuwa mnene. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nalo, na kwa sababu bila hilo hakuna habari. Alikuwa mnene wa kujivunia, na alipoingia kwenye benchi la mbele kanisani kwetu, waliokwisha kuketi walisogea bila kuambiwa. Ukimwita mnene usoni alicheka. Ukijitia adabu ukamwita "mwenye mwili," alikasirika akakuuliza kwani wewe huna.

Mimi ni Earline Tate. Nimesoma naye, nimepika naye miaka ishirini na mmoja katika jiko la shule hapa Tillery, Alabama, na tumegombana mara nyingi kuliko mtu na mumewe. Kwa hiyo nikisema jambo juu yake msidhani namsengenya. Natoa ushahidi.

Huku kwetu Kusini kuna msemo: ibada haijaisha mpaka mama mnene aimbe. Wazee walikuwa wakiusema kabla sisi hatujazaliwa, wakimaanisha kwamba jambo halina mwisho mpaka mwisho wenyewe ufike, kwa hiyo usikimbilie kuchukua kofia yako. Siku hizi watangazaji wa michezo wameutoa kanisani wakaupeleka uwanjani, na wanausema kana kwamba wameutunga wao. Timu ikiwa nyuma kwa pointi kumi na zimebaki dakika mbili, utamsikia mtu redioni anasema ngojeni kwanza, mama mnene hajaimba. Maana yake anayeshindwa asikate tamaa. Mahali pengine mama huyo ni wa maneno tu. Sisi tulikuwa naye hasa, ana namba ya simu, anakaa nyuma ya ghala la pamba.

Alianza akiwa na miaka kumi na saba. Mchungaji wetu wakati huo, marehemu Bascomb, alikuwa mhubiri asiye na breki. Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa nane mchana, joto limetukaba na pepeo zetu za mkono zimeshalegea, yeye bado yuko jangwani na wana wa Israeli na hana haraka ya kuwatoa. Odessa alikuwa ameacha maharage motoni, na mama yake alikuwa ameapa kumtia adabu yakiungua. Basi akasimama, hakumtazama mtu, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa zamani wa beti nne, kila mtu anaujua, lakini hatukuwahi kuusikia hivyo. Ubeti wa kwanza waliolala waliamka. Ubeti wa pili walioamka walilia. Alipomaliza wa nne Mchungaji Bascomb akafunga Biblia, watu wakachukua kofia zao wakaenda kula. Jumapili iliyofuata, saa saba ilipogonga, kanisa zima liligeuka kumtazama Odessa. Maharage yaliungua hata hivyo, na adabu alitiwa.

Tangu siku hiyo hakuna kilichofungwa Tillery bila yeye. Alifunga ibada na mikutano ya kinamama. Kiwanda cha kushona mashati kilipokufa, wafanyakazi walimwita aimbe getini kabla kufuli halijatiwa. Shuleni, timu yetu ya kikapu ikiwa inaongoza na saa inakwisha, wanafunzi walikuwa wakipiga miguu, "Mama simama! Mama simama!" naye akiinuka tu kwenye jukwaa, hata hajafungua mdomo, wageni walishaanza kulia. Kwenye harusi aliimba keki ikishaliwa. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyeliona baya, yeye akiwa wa kwanza.

Mumewe, Cleophus, alikuwa mwembamba wa kutia huruma. Aliendesha lori la magogo. Alikuwa Mmethodisti, hao wanaobatiza kwa kunyunyizia maji tu, akaja kwetu Jumapili moja kumsindikiza shangazi yake, akamsikia Odessa, na mwezi haukuisha akabatizwa upya, akazamishwa mzima mzima mtoni mwezi wa kumi na moja, meno yanagongana. Wamethodisti hawajamsamehe mpaka leo. Vijana wa kinyozi walikuwa wakimtania, "Cleophus, mama akikulalia je?" Naye alikuwa akijibu, "Nitakufa nimefunikwa vizuri."

Sasa njooni mwaka wa themanini na nane, mwezi wa saba. Cleophus alikuwa uani anabadilisha gurudumu la gari, akaanguka. Moyo. Walimkimbiza hospitali ya mjini, na baada ya siku nne daktari alimwita Odessa pembeni akamwambia wamefanya walichoweza. Akasema siku kumi, pengine wiki mbili. Nilikuwepo, nimemshika mkono, na mkono wake mkubwa ulikuwa umepoa kama unga.

Jumapili ile alikuja ibadani moja kwa moja kutoka hospitali, amevaa gauni lililokunjamana. Mchungaji Tolliver, ambaye ni kijana na anahubiri kwa kipimo, alimaliza saa saba kasoro. Tukamwombea Cleophus. Mchungaji akatoa baraka, akainamisha kichwa, akangoja.

Sote tukangoja.

Odessa alikaa. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili anautazama. Mchungaji akakohoa. Mpiga kinanda akapiga ile sauti ya kuanzia, akairudia, akaacha. Mchungaji, masikini, akatoa baraka mara ya pili. Kisha akahubiri kidogo tena, mambo ambayo nadhani alikuwa ameyaweka kwa Jumapili nyingine. Saa nane kasoro Vernice Poole, ambaye amekuwa akiiota nafasi ile tangu tukiwa wasichana, alisimama akauanza wimbo kwa kile kisauti chake cha mbu. Aliimba beti zote nne. Hakuna aliyechukua kofia. Aliketi, na mpaka leo hapendi likumbushwe, ndiyo maana nalikumbusha.

Saa nane na robo Shemasi Hosea, ambaye ana sukari, alianza kutetemeka kwa njaa. Mkewe akamtoa nje. Halafu mmoja mmoja tukatoka nyuma yao, tumenyata, hatutazamani.

Nilimkuta Odessa kwenye ngazi za kanisa.

"Bibi wee, mbona umetufanyia hivyo?"

"Nimewafanyia nini?"

"Hukuimba!"

"Siimbi, Earline."

"Umechoka. Nimeelewa. Jumapili ijayo—"

"Siimbi. Mmenieleza nyinyi wenyewe miaka thelathini. Mama mnene hajaimba, basi bado haijaisha. Haya. Mimi nikinyamaza, bado haijaisha."

"Shoga, ule ni msemo tu."

"Nikisimama uwanjani wageni wakalia, ulikuwa msemo tu? Bascomb alipofunga kitabu ulikuwa msemo tu?" Alikuwa analia huku amekasirika. "Daktari amesema wiki mbili. Sitafungua mdomo wangu nimwambie Mungu yupo sahihi."

Akashuka ngazi, akarudi zake hospitali.

Sasa hapo ndipo ilipoanza shida ambayo sidhani imewahi kutokea mji mwingine. Ibada ilikuwa haijafungwa. Mwanzoni tulidhani ni jambo la kanisani tu, lakini Jumatatu asubuhi Shemasi Hosea alikwenda ziwani kuvua samaki na bia zake sita, akafungua ya kwanza, akaitazama, akaifunika tena. Aliniambia mwenyewe. Alisema alihisi kama anakunywa katikati ya sala. Jumanne wazee wa domino walibishana chini ya paa la kinyozi kama mtu anaweza kucheza wakati ibada inaendelea, na walipokosa jibu wakarudisha vipande kwenye mkebe. Mke wa kinyozi aliyezoea kumfokea mumewe kila jioni alijikuta anasema naye taratibu, na mume akaingiwa na hofu kwamba anataka kuachwa.

Na mimi, jamani! Jumatano ile nilipata habari tamu kabisa juu ya mpiga kinanda wa Wamethodisti na mwanamume fulani wa bima. Nilishika simu, nikazungusha namba tatu, mkono ukakataa. Nilikaa na habari ile tumboni wiki saba. Nilipungua.

Jumapili ya pili Odessa hakuimba. Ya tatu hakuimba. Na Cleophus hakufa. Siku ya kumi na nne daktari alishangaa, ya ishirini na moja akaja na daktari mwenzake ili washangae wawili. Katikati ya mwezi wa nane mgonjwa akasema amechoka na supu yao, anataka kwake, wakamrudisha. Hawezi kutembea mbali zaidi ya choo, pumzi fupi, lakini hai. Daktari alisema hana maelezo. Tillery tulikuwa nayo.

Basi mji mzima ukawa mlinzi wa mdomo wa Odessa. Hatukumwomba tena aimbe, tulimwomba asithubutu. Siku moja dukani, karibu na friza, alisahau akaanza kuguna wimbo puani, na mke wa Shemasi Hosea alitupa kikapu akamziba mdomo kwa kiganja. Mchungaji Tolliver, aliyesoma chuo, alijaribu kutueleza kwamba hayo ni ushirikina. Tukasema ndiyo, Mchungaji. Jumapili iliyofuata nilimwona mwenyewe, alipomaliza baraka, anamtazama Odessa kwa wasiwasi, na Odessa alipobaki ameketi, yeye akashusha pumzi.

Mtu mmoja tu hakuambiwa, naye ni mgonjwa.

Ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa tisa, alasiri, nimempelekea pai ya pichi. Odessa alikuwa nyuma anaanika shuka. Cleophus alikuwa kitandani karibu na mlango wa jikoni, macho yameingia ndani, lakini ndevu amenyolewa vizuri.

"Earline, kaa. Niambie kweli. Dessa ana nini kooni?"

"Kooni?"

"Haimbi. Haimbi jikoni, haimbi akifua. Amekwenda kwa daktari bila kuniambia? Ana uvimbe?"

Siku nyingine yoyote ningemdanganya, tena vizuri. Ningesema mafua. Lakini ibada ilikuwa haijafungwa, na mimi siwezi kusema uongo katikati ya ibada. Nikamweleza yote. Habari za Bascomb hakuhitaji kuelezwa, alikuwa anazijua. Nikamweleza daktari, Vernice, bia za Hosea, kiganja dukani. Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua, akanywa maji. Halafu akaacha kucheka.

"Mwite."

Odessa aliingia na vibanio vya nguo mkononi. Aliniangalia mara moja tu, akajua.

"Earline, mdomo wako huo!"

"Mwache," Cleophus akasema. "Dessa, niimbie."

"La."

"Mama, niimbie."

"Usiniombe hilo. Niombe kingine chochote. Nitakubeba mgongoni mpaka baharini."

"Sitaki bahari. Mimi nilizamishwa kwenye maji ya barafu kwa ajili ya sauti hiyo, nikapoteza shangazi na kanisa. Sasa imepita miezi miwili. Umeniweka hai, sikatai. Lakini nalala hapa kutwa, nasikiliza friji."

Na kweli, friji yao ilikuwa kuukuu, inanguruma, inanyamaza, inajitikisa, inaanza upya. Sote watatu tukaisikia.

"Nikiimba ukaondoka?" Odessa akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia imekuwa ndogo namna ile. "Nitakaa vipi humu ndani, Cleo? Watu watakula kuku mazishini, watakwenda zao, na mimi nitabaki najua nimekuua kwa mdomo wangu."

"Na nisipoondoka leo nitaondoka siku nyingine. Unataka niondoke na friji?"

Odessa aliweka vibanio juu ya meza, kimoja kimoja, vyote. Akavuta kiti, akaketi, kiti kikalalamika kama kawaida yake. Mimi nilisogea mlangoni na pai yangu, nataka kukimbia. Niliogopa, nasema wazi. Mwanamke mzima, mpishi wa shule, nilikuwa nimeamini kabisa kwamba mtu yule atakufa mbele yangu.

Alianza vibaya. Miezi miwili bila kuimba, sauti ilikuwa imeshika kutu, akakohoa, akaanza tena. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili ndipo alipojisahau, na ile sauti ikatoka yote, ikajaa chumbani, vikombe vikalia kabatini. Cleophus akafumba macho. Odessa aliona. Aliona akakatika katikati ya neno, akanigeukia, macho yamemtoka. Cleophus, macho yamefumbwa, akainua kidole kimoja juu ya shuka akakizungusha, endelea. Akaendelea. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni lakini sauti haikutikisika, akaufikisha wimbo mwisho, akaishika ile noti ya mwisho muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiishika, kwa sababu aliogopa kuiacha.

Akaiacha.

Friji ikanguruma. Nikatazama kifua cha Cleophus chini ya shuka, na nikiri sikukiona kikipanda. Odessa hakutazama kabisa. Alikuwa ameinamia mikono yake.

"Umeruka ubeti wa tatu," Cleophus akasema.

Odessa aliinua kichwa. "Nini?"

"Wa tatu. Umeuruka."

"Sijaruka!"

"Umeruka, mama. Umetoka wa pili umekwenda wa nne, unaniharakisha."

"Earline! Nimeruka?"

Nikamwambia ukweli, nitafanyaje. "Umeruka, shoga."

Basi alimtukana mumewe, akanitukana na mimi, akalia, akacheka, akafuta uso kwa pindo la shuka la Cleophus, akaimba upya kuanzia mwanzo. Beti zote nne. Cleophus akaomba na pai.

Jumapili ile alifunga ibada iliyodumu wiki saba. Alipomaliza, watu walitoka mbio. Bia ya Shemasi Hosea ilikuwa inamngoja ndani ya barafu kwenye buti la gari, domino zilimwagwa kabla ya saa nane, na kinyozi alifokewa jioni ile mpaka majirani wakafurahi. Mimi nilifika kwenye simu nikiwa bado nimevaa kofia. Habari ilikuwa imeshapoa, mpiga kinanda ameshaolewa na yule wa bima, lakini niliitoa yote.

Odessa akawa anamwimbia kila siku. Asubuhi akimsafisha, mchana akimlisha, mara nyingine wimbo ule ule mara nne kwa siku, kwa sababu Cleophus alikuwa akijifanya hakusikia vizuri. Vuli ikapita. Krismasi ikapita, alikula kipande cha nyama ya nguruwe alichokatazwa. Nikipita nyuma ya ghala la pamba nilikuwa nasimama kidogo, dirisha limefungwa kwa baridi na bado nasikia.

Cleophus alikufa mwezi wa pili, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa jikoni shuleni, nikaitwa kwenye simu ya ofisini. Odessa alisema amekwenda. Nikasema pole, Odessa. Akasema alikuwa amemwimbia tangu saa moja, yeye akala uji kidogo, akasema ana hamu ya samaki, basi akaenda kumkaangia. Alimkuta hivyo aliporudi na sahani.

Nilisikia mafuta bado yanachemka karibu na simu.

"Earline," akasema, "sikuwa naimba."

"Hukuwa unaimba."

"Nilikuwa nageuza samaki. Nilikuwa nimefunga mdomo kabisa."

"Nimesikia, shoga."

"Waambie. Waambie wote, nilikuwa kimya."

Nikamwambia nitawaambia. Nikamwambia azime jiko, ninakuja.